Obama Aliongoza Kwenye Kura za Maoni, Clinton Akashinda Kwenye Debe

Wacha nianze na aibu yangu. Aprili 2022, siku chache kabla ya mchujo wa chama mtaani kwetu, msee alinitumia picha kwenye WhatsApp: uso wa mgombea mmoja wa MCA, rangi za chama, na "62%" kwa maandishi makubwa. Nilikuwa nampenda huyo mgombea. Sikuuliza nani alihojiwa, wangapi, lini. Nikaposti: "Imeisha hiyo, wasee."

Asubuhi ya mchujo nikamuuliza mathee kama tunaenda kupiga kura. Akaniangalia tu. "Si ulisema ameshashinda? Wacha nifue."

Akafua. Jioni mtu wetu akaanguka kwa kura zisizofika mia. Mpaka leo najiuliza ni kina mathee wangapi walifua siku hiyo kwa sababu yangu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na somo la takwimu sikulipenda hata siku moja. Lakini hiyo siku ilinifanya nianze kusoma, na kisa kilichonifungua macho kilitokea mbali kidogo: New Hampshire, Marekani, Januari 2008.

Wengi wetu tulikuwa tunanyonya au tuko nasari, so tuelezane. Chama cha Democratic kilikuwa kinatafuta mgombea urais. Tarehe 3 Januari, Iowa, Barack Obama alipata karibu asilimia 38, John Edwards akawa wa pili na Hillary Clinton wa tatu, wote wawili na kama asilimia 30. Siku tano tu baadaye, tarehe 8, New Hampshire ikapiga kura yake ya mchujo. Katikati hapo kura za maoni zilimwagika kama mvua, na nyingi zikaimba wimbo mmoja: Obama yuko mbele. Ukizipiga wastani, aliongoza kwa kama pointi 8. Wachambuzi wakaanza kumzika Clinton akiwa hai.

Debe likafunguliwa. Clinton asilimia 39, Obama 36 na kitu.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo utamu uko. Kura za maoni zilimpa Obama kama asilimia 37 au 38. Akapata karibu hiyo hiyo! Hazikumkosea Obama. Zilimkosea Clinton, ambaye zilimpa kama 30. Pengine kuna watu walikuwa hawajaamua, na wengine hawakupatikana kwenye simu. Sisi tukiona grafu tunaangalia tu nani yuko juu. Wale "sijaamua" wanakaa pale chini kwa rangi ya kijivu, hakuna mtu ana shughuli nao, na wao ndio wanaweza kubeba uchaguzi mzima.

Chama cha watafiti wa maoni ya umma Marekani, AAPOR, kiliunda kamati kuchunguza, na ripoti ikatoka 2009. Haikupata mchawi mmoja. Ilipata vitu kadhaa vilivyoweza kuchangia. Watafiti walikuwa na siku chache mno, wakafunga simu zao mapema, na mambo ya saa za mwisho yakawapita. Watu wagumu kupatikana kwa simu walielekea kumpenda Clinton kuliko wale wanaopokea haraka. Hata mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura ulitajwa: Clinton alikuwa karibu na juu, Obama karibu na chini. Na ile hadithi kwamba wazungu waliwadanganya watafiti juu ya kumpigia mtu mweusi? Kamati haikupata ushahidi wa maana.

Ongeza hili: New Hampshire, mtu asiye na chama anaweza kuamua siku hiyo hiyo apige kura upande wa Democratic au wa Republican. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "utampigia nani", mtafiti lazima abahatishe "nani atatokea". Huo ndio ugonjwa wa kila mchujo. Hapa kwetu ni mbaya zaidi. Aprili 2017 Jubilee ilifuta mchujo wake sehemu nyingi kwa sababu watu walitokea wengi kuliko karatasi za kura. Kama chama chenyewe hakikujua nani atakuja, kampuni ya kupiga simu ingejuaje?

Halafu kuna hesabu ambayo ningetamani ningeifanya 2022. Chukua kura ya maoni ya kitaifa ya watu 2,000. Kenya ina wadi 1,450. Hiyo ni mtu mmoja na kitu kwa kila wadi! Ukitoa wasio wa chama hicho, umebaki na nani? Kwa hivyo ukiona mtu anakuambia utafiti wa kitaifa umeonyesha MCA wako ana 62%, buda, umeuziwa hewa. Na hata wakihoji watu 400 wa wadi yako vizuri kabisa, kiwango cha makosa ni kama pointi 5 kila upande. Mmoja akiwa na 40 na mwingine 34, huyo wa 34 anaweza kuwa ndiye anaongoza.

Lakini kuna swali gumu zaidi. New Hampshire, baada ya ule mshtuko, kuna waliosema kura zimeibwa. Mgombea Dennis Kucinich akaomba zihesabiwe upya. Zikahesabiwa sehemu, namba zikabaki karibu zile zile. Mambo yakaisha. Siku hizo hizo Kenya ilikuwa inaungua, na baadaye tume ya Kriegler ikasema haiwezekani kujua nani hasa alishinda urais 2007. Na waulize wazee kuhusu mlolongo wa KANU, 1988. Pale hukuhitaji kura ya maoni, foleni ulikuwa unaiona kwa macho. Bado mwenye foleni fupi angeweza kutangazwa mshindi.

Kwa hivyo sisemi kura za maoni ni uongo. Pale hesabu inaaminika, zikikosea ni aibu ya watafiti tu. Pale hesabu haiaminiki, zinageuka silaha, kila upande unashika yake.

Mchujo wa 2027 unakuja na hizo picha zitarudi. Sheria ya 2012 inataka anayechapisha kura ya maoni aseme nani amelipa, nani amefanya, lini, watu wangapi, na kiwango cha makosa. Picha ikikosa hivyo vitu, hilo ni bango la kampeni limevaa suti. Usilisambaze. Na hata likiwa navyo vyote, linakuambia watu walisema nini juzi. Leo bado haijapigwa.

Mathee nimeshamwambia: safari hii nguo nitafua mimi.