Mahame ni ya nani?

Ndugu wasikilizaji, ukitaja kuanguka kwa ukomunisti, watu wengi hukumbuka picha tatu: vijana wa Berlin wakiupanda ukuta Novemba 1989, Nicolae Ceaușescu wa Romania akizomewa na umati Desemba mwaka ule ule, na bendera nyekundu ikishushwa kule Kremlin Desemba 1991. Picha hizo zote ni za mijini, na zote zahusu watawala. Leo nataka tuzungumzie jambo la shambani, ambalo halikupigwa picha sana, lakini ndilo lililowahangaisha wananchi kwa muda mrefu baada ya watawala wale kuondoka. Jambo lenyewe ni ardhi. Wakulima waliokusanywa pamoja kwa jina la ujamaa, siku siasa ile ilipoachwa, mashamba yalikuwa ya nani? Na yale mahame waliyoyaacha nyuma walipohamishwa, ni ya nani?

Nauliza swali hili nikiwa Mpanda, mkoani Katavi, mahali ambapo neno mahame halihitaji kufafanuliwa. Ukitembea porini huku utakuta miembe imesimama kwa mstari pasipo nyumba, jiwe la kusagia limefunikwa na majani, na pengine makaburi. Hapo palikuwa na watu, na watu hao wana wajukuu.

Tuweke sawa jambo moja kwanza. Nchi yetu haikuwa ya kikomunisti. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alikataa kuuanzisha kwenye vita vya matabaka. Aliuanzisha kwenye familia ya Kiafrika. Lakini tulikuwa na urafiki wa karibu na nchi zile. Wachina walitujengea Reli ya Uhuru kati ya mwaka 1970 na 1975, na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Wajerumani wa Mashariki walishiriki kujenga majumba ya Michenzani kule Unguja. Vijana wetu walikwenda kusoma Moscow. Na hata mtu wa Mpanda, aliyekuwa mbali na hayo yote, akiwa na redio ya mkulima aliweza usiku kusikia Kiswahili kutoka Peking, Moscow na Berlin ya Mashariki. Sauti hiyo ya Berlin ilizimika Oktoba 1990, siku Ujerumani mbili zilipoungana.

Sasa turudi kwenye ardhi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu walitakiwa waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari. Hiari ilikwenda polepole mno. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa mwaka 1976. Zikafuata zile Operesheni ambazo wazee wanazikumbuka vizuri. Mwaka 1975 ikatungwa Sheria ya Vijiji. Ilipofika mwaka 1977, serikali ilihesabu watu milioni 13 hivi kuwa wako vijijini. Wengine walikwenda kwa furaha, maana waliahidiwa shule, zahanati na kisima, na wengi wao walivipata. Wengine walikwenda kwa sababu nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa nyuma yao. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na asiyetaja mojawapo hatendi haki.

Kwa watu wa magharibi, kukusanywa hakukuwa jambo geni. Waingereza, tangu miaka ya 1920, walikuwa wamewaondoa watu wengi wa huku katika vitongoji vyao na kuwaweka pamoja ili kuwaepusha na mbung'o anayeleta malale. Baadaye ulikuja mgodi wa risasi wa Mpanda, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya takriban kilomita 210 kutoka Kaliua. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji ukabaki kuitegemea.

Kisha likaja kundi jingine. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na maelfu kwa maelfu ya Warundi wakavuka mpaka. Serikali yetu, ikisaidiana na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa na shirika la makanisa la TCRS, iliwapa pori wafyeke. Katumba ilianzishwa mwaka 1973, kandokando ya reli ile ile ya mgodi. Mishamo ilifuata mwaka 1978, ikapimwa na kugawanywa katika vijiji 16. Tazama jinsi mambo yalivyofanana: miaka ile ile ambayo Mtanzania alikuwa akihamishwa kutoka kwenye shamba la babu yake na kupangiwa kiwanja kwa mstari, Mrundi naye alikuwa akipangiwa kiwanja kwa mstari. Wote wawili walilima ardhi waliyopewa na dola, na hakuna kati yao aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Halafu dunia ikageuka. Kwetu mageuzi yalianza kabla ya ukuta wa Berlin, mwaka 1986, tulipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini yaliyotokea Ulaya ya Mashariki yaliharakisha mambo. Februari 1990 Mwalimu, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alisema kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Wananchi wakawa wanakumbushana kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Februari 1991 likaja Azimio la Zanzibar, lililomruhusu kiongozi kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha na zaidi ya mshahara mmoja. Mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Nyalali kutoa mapendekezo yake, vyama vingi vikaruhusiwa kisheria.

Hata maneno yetu yalibadilika. Mtu aliyeitwa mlanguzi mwaka 1983 akawa mfanyabiashara. Mitumba ikawa nguo ya heshima. Serikalini, Ndugu alianza kumpisha Mheshimiwa, kama vile Warusi nao walivyoacha kuitana tovarishch, yaani komredi, na kulifufua neno la kibwana lililotumika kabla ya mapinduzi yao ya 1917. Maneno hubadilika kwa urahisi. Mipaka ya mashamba haibadiliki hivyo.

Wenzetu walifanyaje? Nchi nyingi za Ulaya ya Mashariki ziliamua kurudisha ardhi kwa wenyewe wa zamani au warithi wao. Estonia na Bulgaria zilipitisha sheria hizo mwaka 1991. Jambo hilo lina haki ndani yake, lakini lilizaa taabu. Bulgaria, kwa mfano, mashamba makubwa ya pamoja yalikatwa vipande vidogo vidogo, na vingi vikaangukia kwa warithi waliokuwa wakiishi mijini, wasiojua jembe. Urusi iliwagawia wafanyakazi wa mashamba ya pamoja hisa za ardhi, na wengi hawakujua hisa yao ni tuta lipi. China ilichukua njia nyingine kabisa. Mwaka 1978 kaya 18 za kijiji cha Xiaogang zilikubaliana kwa siri kugawana mashamba ya kulima kila mtu na wake. Chama kikaona mavuno yameongezeka, kikaruhusu. Mkulima alipata haki ya kulima, lakini ardhi yenyewe imebaki mali ya jumuiya ya kijiji. Na jirani zetu wa Ethiopia, walipomwondoa Mengistu mwaka 1991, walibadilisha karibu kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Katiba yao ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya dola na ya wananchi, na haiuzwi.

Na sisi je? Swali lilianza kufika mahakamani miaka ya 1980. Watu waliohamishwa walianza kudai mahame yao, hasa katika Mkoa wa Arusha, na baadhi yao wakashinda. Serikali ikaingiwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Kama kila mjukuu angerudi kudai mwembe wa babu yake, maelfu ya vijiji vingevunjika, maana juu ya mahame ya mmoja kulikuwa tayari na shule, au nyumba ya mwingine aliyehamishiwa pale bila kupenda. Basi Bunge likapitisha sheria namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki zote za kimila zilizokuwapo kabla ya Operesheni, bila fidia, na kuzuia mashauri yake kusikilizwa katika mahakama za kawaida.

Mkulima mmoja wa Mkoa wa Arusha na mwanawe, waliokuwa wamekwisha kushinda kesi ya shamba lao, walikataa. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, na Desemba 1994 hukumu ikatolewa na jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, yule yule wa tume ya vyama vingi. Mahakama ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, kama mali nyingine inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki wala kufungiwa mlango wa mahakama. Kwa maoni yangu, hukumu ile ilikuwa mageuzi makubwa kuliko hata uchaguzi wa mwaka 1995. Uchaguzi ulimpa mwananchi kura, mara moja kwa miaka 5. Hukumu ilimwambia kwamba jembe lake lina thamani mbele ya sheria kila siku.

Baadaye ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Nayo ilikata shauri hivi: mgawo wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya mwaka 1970 na mwisho wa 1977 ni halali. Yaani aliyepewa ndiye mwenyewe. Hatukurudi nyuma kama Waestonia, wala hatukuigawa ardhi iwe bidhaa ya sokoni tu. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, lakini halmashauri haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Sheria ni nzuri ukiisoma. Hebu tuipime hapa Katavi. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule mkoa ulipozaliwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Tumeongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka 10. Wafugaji na wakulima Wasukuma wamekuja kutoka kaskazini na mifugo yao, wakitafuta malisho na mashamba. Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, iliongezwa ukubwa mwaka 1998. Ardhi ambayo mgeni aliiona kama pori lisilo na mwisho sasa ina mwisho, na kila upande una mtu.

Na wale wa Katumba na Mishamo? Mwaka 2010 serikali ilikubali kuwapa uraia zaidi ya wakimbizi 162,000 wa mwaka 1972 na watoto wao, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya, na tuna haki ya kujivunia. Lakini sharti la awali lilikuwa kwamba waondoke katika makazi yale na kutawanywa mikoa mingine. Fikiri, msikilizaji: mtu amezaliwa Katumba, amezika wazazi Katumba, halafu anaambiwa uraia wako uko, shamba lako halipo. Kwa miaka kadhaa watu hawakujua wapande mihogo au wafunge mizigo. Mpango wa kuwatawanya ulisitishwa, na mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti vya uraia, wakabaki walipo. Naamini uamuzi huo wa mwisho ndio uliokuwa sahihi. Ungewahamisha, ungeongeza mahame mengine juu ya mahame tuliyo nayo.

Basi jibu la swali letu ni lipi? Naona Tanzania ilifanya vema kutomrudishia kila mtu mwembe wa babu yake. Haki ya aliyekufa isingepaswa kumfukuza aliye hai, naye pia alihamishwa. Lakini aliyeachishwa mahame yake kwa faida ya wote anatudai kitu kimoja, kwamba asihamishwe mara ya pili bila kuulizwa na bila kulipwa. Deni hilo halilipwi Dodoma peke yake. Hulipwa au hukwepwa katika mkutano mkuu wa kijiji, siku wanakijiji wanapokaa nyumbani na kuwaacha watu saba wagawe malisho au wampe mgeni eka 200. Huko kwingine mashamba ya pamoja yalipovunjwa, waliofaidi zaidi ni wale waliohudhuria na kujua maandishi, na waliokuja kushtuka baadaye walikuta karatasi zimekwisha kutiwa saini.

Kwa hiyo, wewe wa Inyonga, wa Karema, wa Katumba au wa Usevya, ukisikia mbiu ya mkutano, nenda. Uliza mipaka ya kijiji chako imepimwa au haijapimwa. Uliza cheti cha ardhi ya kijiji kiko wapi. Mama naye aende, jina lake liandikwe katika hati ya kimila pamoja na la mumewe. Siasa zimekuja na kuondoka katika ardhi hii, za Mwingereza, za Azimio na za soko huria, na kila moja ilipoondoka ilimkuta mkulima pale pale, na jembe lake. Safari hii akutwe na karatasi pia.

Tukutane tena wiki ijayo.