Samani za Zama za Uhaba

Mwezi Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia London kwa mabomu, usiku baada ya usiku, na mashambulizi hayo yakaendelea hadi Mei mwaka uliofuata. Wengi walionusurika walitoka kwenye vifusi na nguo walizovaa tu. Walihitaji kitanda, meza na viti, lakini madukani vitu hivyo vilikuwa adimu. Uingereza ilizoea kuagiza sehemu kubwa ya mbao zake kutoka ng'ambo, na sasa meli zilizopona nyambizi zilibeba kwanza chakula na silaha. Plaiwudi ndiyo kabisa, ilikwenda kwenye ndege. Mosquito, ndege ya kivita ya kampuni ya de Havilland, iliundwa kwa mbao, na kazi hiyo iliwafikia hata maseremala wa High Wycombe, mji uliosifika kwa viti.

Mwaka 1942 Hugh Dalton, waziri aliyeongoza Bodi ya Biashara, alichukua hatua ambayo serikali chache zimewahi kuithubutu. Aliunda kamati ya ushauri, michoro ikachaguliwa, na kuanzia Novemba ikawa marufuku kutengeneza samani mpya za nyumbani nje ya michoro hiyo. Samani hizo ziliitwa Utility. Mnunuzi alitakiwa kuwa na kibali, na waliotangulizwa ni waliofunga ndoa karibuni na waliobomolewa nyumba zao. Kibali kilihesabiwa kwa pointi: mwanzoni 60, kisha mahitaji yalipozidi uwezo wa viwanda zikashushwa hadi 30. Kwa hizo, maharusi walikaa chini wakaamua waanze na kabati au na meza.

Katika kamati hiyo alikuwamo Gordon Russell wa kijiji cha Broadway. Alikuwa amepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na kujenga jina katika ubunifu wa samani. Aliamini kwamba mtu wa kawaida anastahili kiti kizuri sawa na tajiri, na kwamba mashine ikiongozwa vyema inaweza kumpatia kiti hicho. Mwaka 1943 alikabidhiwa uongozi wa jopo la wabunifu. Michoro ya kwanza ilikuwa kazi ya Edwin Clinch na Herbert Cutler, watu wa High Wycombe walioijua mbao kwa mikono yao.

Tazama kabati la nguo la Utility. Fremu yake ni ya mwaloni au mkangazi. Kwa kuwa plaiwudi haikupatikana, mabapa yake ni ya hadibodi iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa mti. Viungo havikulipuliwa: ulimi wa ubao mmoja umeingia kwenye tundu la mwenzake, ukakaza. Vishikio vingi ni vya mbao, maana chuma kilikuwa vitani. Nakshi hakuna. Mahali pake kuna vipimo vilivyopangwa kwa makini, na alama ya CC41 iliyomhakikishia mnunuzi kwamba ubora na bei vimedhibitiwa.

Wapo wanaosema uhaba ndio uliobuni samani hizi. Mimi naona uhaba ulifungua mlango tu. Aliyeingia alikuwa tayari, na wazo lake mkononi. Kabla ya hapo watu wa fikra za Russell walikuwa wamehubiri wepesi na unyoofu kwa miaka mingi huku wateja wakiendelea kununua miguu iliyochongwa na kung'arishwa. Wapo pia waliozinunua Utility kwa sababu tu hawakuwa na jingine la kuchagua, na hawastahili lawama. Aliyepoteza nyumba nzima ana haki ya kutamani urembo kidogo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 mbao bado zilikuwa kwa mgawo, ila chakavu cha alumini kilikuwa tele. Mbunifu Ernest Race, akishirikiana na mhandisi Noel Jordan, alianzisha kampuni na kubuni kiti kilichoitwa BA3. Alumini iliyeyushwa upya na kumiminwa kwenye kalibu, kama wanavyofanya mafundi wetu wa sufuria. Miguu yake ilitengenezwa kwa umbo la herufi T, ikipungua unene kuelekea chini, hivyo ikawa imara kwa malighafi kidogo. Kiti hicho kilionyeshwa mwaka 1946 katika maonyesho makubwa ya bidhaa za Uingereza kwenye jumba la Victoria and Albert, London.

Mgawo wa samani uliondolewa mwaka 1948, na mpango wa Utility wenyewe ukafungwa mwaka 1952. Wanunuzi wengi walirudia mapambo waliyoyakosa. BA3 iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960, na jumla ya viti vilivyotoka ikapita 250,000.