Akaunti ya Marehemu: Mirathi au Amana?

Mwaka 2012 msichana wa miaka 15 alifariki baada ya kugongwa na treni ya chini ya ardhi jijini Berlin. Wazazi walitaka kujua kama ile ilikuwa ajali au alijiua. Mama alikuwa na nywila ya akaunti ya Facebook ya binti yake, lakini kampuni ilikwisha kuigeuza akaunti ya ukumbusho, na nywila haikufaa kitu. Kesi ilipita mahakama tatu. Tarehe 12 Julai 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba mkataba wa akaunti hurithiwa, kama zinavyorithiwa barua na shajara.

Uamuzi huo una mantiki: sanduku la barua halifungwi kwa sababu mwenyewe amezikwa. Hata hivyo, mahakama ilijibu swali la nani arithi akaunti. Swali la nini kisomwe humo halikuishia hapo.

Mazungumzo yana watu wawili, na mmoja bado yu hai. Shoga aliyemweleza marehemu siri za ndoa yake alimwekea amana yeye, hakuwawekea warithi wake. Sheria ya mirathi ya Kiislamu inalijua jambo hili tangu zamani: mali haigawanywi kabla ya madeni kulipwa, na kitu cha mtu kilichokutwa nyumbani kwa marehemu hurudishwa kwa mwenyewe. Ujumbe wa siri ni kitu cha namna hiyo. Kuurudisha ni kutousoma.

Kwetu suala hili ni gumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi halifiki mahakamani. Simu ya marehemu imo kabatini, mpwa anaijua nywila, na kabla ya arubaini mazungumzo yamekwishasomwa sebuleni. Aliyezikwa kwa heshima anafukuliwa kwa kidole.

Atauliza mtu: je, wazazi wale wa Berlin wangenyamaza? La. Mwenye sababu nzito atafute anachokihitaji, aishie hapo. Haja ya kujua chanzo cha kifo haihalalishi kupekua miaka mizima ya urafiki.

Dawa yake ni wasia. Tangu mwaka 2013 Google humruhusu mtumiaji kuamua data zake zipewe nani akaunti ikikaa bila kutumika, na mwaka 2015 Facebook ilianza kuruhusu mtu kuteua msimamizi wa akaunti yake. Msimamizi huyo anaweza kubadili picha au kuweka tangazo la msiba, lakini hasomi ujumbe wa faragha. Wapo wanaouona mpaka huo kuwa kasoro. Mimi nauona ndio uadilifu wenyewe. Kikao cha ukoo kinapomteua msimamizi wa mirathi, kimteue pia wa akaunti, na kimwambie waziwazi: umekabidhiwa mlango uulinde, hukupewa ruhusa ya kuingia kila chumba.