Mukuba na Shaba: Kuhusu Matanuri ya Kale ya Katanga

Jimbo la Katanga liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997, na wengi walidhani kwamba jina hilo lilitoka ardhini pamoja na madini yenyewe. Sivyo. Neno hilo lilikuja na misafara ya biashara kutoka mashariki. Wasanga, wenyeji wa nchi ya machimbo, husema mukuba, kama wasemavyo Wabemba. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa na kila aulizaye mahali shaba ilipoanza kuyeyushwa, kwani sehemu kubwa ya tuyajuayo yatoka kwa watumiaji wa shaba, si kwa walioiyeyusha.

Tuangalie Sanga, kando ya Ziwa Kisale (mahali pasipochanganywa na Wasanga tuliowataja). Makaburi yake yalichimbuliwa na Jean Hiernaux mwaka 1957, na Jacques Nenquin mwaka 1958, kisha na Pierre de Maret mwaka 1974. Humo mna mapambo ya shaba na, katika makaburi ya nyakati za baadaye, misalaba midogo ya shaba ambayo kadiri karne zilivyopita ilizidi kupungua na kulingana kwa ukubwa, mpaka ikawa fedha. Jina la msalaba, tuseme kwa kupita, ni la Wazungu. Umbo lilitangulia wamisionari. Lakini machimbo yako zaidi ya kilomita 200 kusini. Marehemu wa Kisale walikuwa wanunuzi.

Wayeyushaji twawatafuta kwingine. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, mabaki ya uyeyushaji yamepimwa kuwa ya karne ya 4 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1984. Ni karne kadhaa kabla ya fahari ya Kisale. Mbona mahali pa namna hiyo ni pachache? Malakiti safi, ikiyeyushwa kwa makaa na mivukuto, huacha mavi machache, na tanuri la udongo wa kichuguu hurudi kuwa udongo. Kiongozi mmoja ni mmea, Haumaniastrum katangense, upendao ardhi iliyojaa shaba: wataalamu wameutumia kutambua matanuri yaliyofukiwa.

Wapo wanaojaza pengo kwa maelezo ya Monsinyori de Hemptinne, aliyeandika mwaka 1926 juu ya "walaji wa shaba", yaani wayeyushaji wa Wayeke. Maelezo hayo ni ya thamani. Hata hivyo Wayeke walitoka Unyamwezi pamoja na Msiri katika karne ya 19, wakaikuta kazi ikiendelea. Kuyasoma kama picha ya karne ya 4 ni kuruka miaka 1,500 kwa hatua moja.

Ushahidi wenyewe, wakati huo huo, unatoweka. Wapelelezi wa madini, George Grey miongoni mwao mwaka 1899, waliongozwa na mashimo ya wenyeji; ndiyo maana migodi ya kisasa ilianzia palepale pa kale, ikayameza. Upimaji wa isotopu za risasi, uliochapishwa mwaka 2019, waweza kuuhusisha msalaba na ukanda wa shaba, lakini hauonyeshi tanuri. Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014 watu wamechimba kobalti hata chini ya sakafu za nyumba zao. Mwanaakiolojia atakayefika huko hana budi kufika kabla ya sururu.