Fahamu jinsi ya kuzipa skripti folda yake kwenye seva ya tovuti

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa alizeti kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida. Kinataka tovuti ndogo: mwanachama afungue simu, aone bei ya leo, ajaze jina, namba na magunia aliyonayo. Kurasa na picha ni rahisi. Kazi iko kwenye ile programu ndogo inayopokea majibu, yaani skripti. Swali ni moja: ikae wapi?

Wengi wanaitupia humo humo kwenye folda ya kurasa. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kwa nini isikae na kurasa

Seva hutoa kila faili kwa njia mbili. Ukurasa au picha hutumwa kama ilivyo. Skripti inatakiwa iendeshwe kwanza, halafu jibu lake ndilo litumwe.

Zikichanganywa, mpangilio ukiharibika kidogo tu, mfano baada ya kusasisha seva, skripti inatumwa kama maandishi. Kama nywila ya hifadhidata imeandikwa ndani yake, yeyote mwenye simu anaisoma. Hatari ya pili: tovuti ikiruhusu watu kupakia picha, mjanja anaweza kupakia skripti, na seva ikaiendesha.

Na majina na namba za watu si mchezo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa ana wajibu wa kuzilinda.

Utaratibu huu si mpya. Mfumo wa CGI, unaoiwezesha seva kuendesha programu, ulizaliwa mwaka 1993 kwenye seva ya NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Apache ilifuata mwaka 1995 ikitokana na seva hiyo, na jina la folda cgi-bin limebaki hadi leo.

Hatua kwa hatua (Apache kwenye Ubuntu au Debian)

1. Tengeneza folda nje ya /var/www/html, ambako kurasa hukaa:

sudo mkdir -p /srv/skripti

2. Washa moduli ya CGI:

sudo a2enmod cgi

3. Fungua faili la mpangilio wa tovuti yako lililo ndani ya /etc/apache2/sites-available, kisha weka mistari hii ndani ya VirtualHost:

ScriptAlias "/huduma/" "/srv/skripti/"
<Directory "/srv/skripti">
    AllowOverride None
    Options None
    Require all granted
</Directory>

Mstari wa kwanza unaiambia seva: anwani yoyote inayoanza na /huduma/ itafutwe kwenye /srv/skripti, na kila kilichomo ni programu ya kuendeshwa. Angalia mkwaju wa mwisho. Ukiuweka upande mmoja, weka na wa pili.

4. Andika skripti ya majaribio, iite /srv/skripti/bei.py:

#!/usr/bin/python3
print("Content-Type: text/plain; charset=utf-8")
print()
print("Seva inafanya kazi")

Hiyo print() tupu usiiache. Mstari mtupu ndio unaotenganisha maelezo ya seva na jibu lenyewe.

5. Toa ruhusa ya kuendesha:

sudo chmod 755 /srv/skripti/bei.py

Usiweke 777. Hiyo inamruhusu kila mtumiaji wa mashine kuibadilisha skripti yako.

6. Kagua, kisha washa upya:

sudo apachectl configtest
sudo systemctl restart apache2

Usiwashe upya kabla hujaona "Syntax OK". Baada ya hapo fungua anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /huduma/bei.py.

Ikigoma

404: njia ya folda au jina la faili limekosewa.

403: mara nyingi ruhusa. Angalia chmod na ule mstari wa Require.

500: skripti imeanza ikafia njiani, au haikuanza kabisa. Soma sababu hapa:

sudo tail /var/log/apache2/error.log

Ukiona "End of script output before headers", angalia mstari wa kwanza wa skripti. Faili lililohaririwa kwenye Windows hubeba alama zisizoonekana mwishoni mwa mistari, na seva inashindwa kuipata python3. Na ukinakili kupitia WhatsApp, hakikisha alama za nukuu hazijapinda.

Mambo ya kuzingatia

Usiweke picha wala nyaraka ndani ya /srv/skripti. Seva itajaribu kuziendesha na utapata 500. Nywila nazo ziweke kwenye faili tofauti, nje ya folda zote mbili.

Sasisha seva. Oktoba 2021 toleo la Apache 2.4.49 lilikutwa na tundu la kumtoa mdukuzi nje ya folda zilizoruhusiwa. Pale ambapo folda nyingine hazikufungwa na CGI ilikuwa imewashwa, aliweza hata kuendesha amri zake. Toleo la 2.4.50 halikuliziba sawasawa, likaja 2.4.51.

Kama umekodi nafasi kwenye seva ya pamoja, ScriptAlias haikubaliki ndani ya .htaccess. Tumia folda ya cgi-bin uliyopewa, au muombe mwenye seva. Watumiaji wa Nginx nao wajue kuwa haiendeshi CGI yenyewe, inahitaji msaidizi kama fcgiwrap.

Mwisho, CGI huanzisha programu upya kwa kila ombi. Kwa kikundi cha kata inatosha kabisa. Wageni wakiwa wengi kwa wakati mmoja, seva ndogo itaishiwa kumbukumbu, na hapo ndipo pa kuhamia FastCGI.