Kinanda cha Notre-Dame: Kilichookoka Moto, Kikanyamazishwa na Vumbi

Jioni ile ya tarehe 15 Aprili 2019, mnara wa Notre-Dame ya Paris ulipoanguka, dunia ililia paa. Wapenzi wa muziki walikuwa na swali lao: na kinanda je?

Usifikirie kinanda cha kubeba kwapani. Hiki kiko juu ya mlango mkuu wa magharibi, kina mabomba karibu 8,000 katika seti 115, kila seti na sauti yake, nyingine ya filimbi, nyingine ya tarumbeta. Mpigaji ana safu tano za vibao vya mikono na moja ya miguu. Bomba refu lafika takriban mita 10. Dogo kabisa unalifumbata kiganjani.

Wala hakikutengenezwa siku moja. François Thierry alikijenga upya miaka ya 1730, Clicquot akakiongezea miaka ya 1780, kisha Aristide Cavaillé-Coll akakisuka upya na kukizindua mwaka 1868. Lakini hakutupa kazi ya waliomtangulia. Mabomba yao mengi aliyaacha yaimbe pamoja na yake. Ukikisikia leo, unasikia mafundi wa karne tofauti kwa pumzi moja.

Louis Vierne, aliyezaliwa karibu kipofu, alikipiga tangu 1900. Tarehe 2 Juni 1937, katikati ya onyesho lake la 1,750, alianguka palepale kwenye vibao na kufariki.

Basi moto haukukiunguza. Shida ilikuwa vumbi: paa la kanisa lilikuwa la madini ya risasi, na vumbi lake lenye sumu likatanda hadi ndani ya kinanda. Mwaka 2020 mafundi walikifungua kipande kwa kipande, kikasafishwa karakanani, kikarudishwa. Kisha mwaka 2024 wakarekebisha sauti bomba kwa bomba, tena usiku, maana mchana kanisa lilijaa nyundo na misumeno.

Kwa nini wasimalizie karakanani? Kwa sababu nusu ya sauti ya kinanda ni jengo lenyewe. Bomba linaanza wimbo, mawe yanaumalizia. Ukikitoa humo, umebeba mabomba tu.

Tarehe 7 Desemba 2024 askofu mkuu alisimama kanisani akakiita kiamke. Alikiita mara nane. Kikaitika mara nane.