Mfahamu Mchimba Makaa Aliyechomekea Mstari Mmoja, Ukazaa Hiti ya Dunia

Wengi "Bridge Over Troubled Water" wanaijua. Hata kama jina halikujii, ukiisikia tu utasema aah, kumbe hii! Simon na Garfunkel waliiachia mwaka 1970, ikakaa namba moja Marekani wiki 6, mwaka uliofuata ikabeba tuzo za Grammy. Elvis akairudia, Aretha Franklin naye akaikanyagia gospo mpaka basi.

Sasa subiri. Wazo la jina hilo halikuanzia kwa Paul Simon, na mwenyewe alishakiri. Alikuwa akisikiliza sahani ya Swan Silvertones, "Mary Don't You Weep", iliyorekodiwa 1959. Wimbo wenyewe ni wa zamani mno, wa enzi za utumwa. Ila katikati yake muimbaji anachomekea maneno yake mwenyewe, kamstari kamoja kuhusu daraja na maji, kisha anaendelea zake kama vile hajasema kitu. Simon akakadaka hapo hapo.

Huyo muimbaji ni Claude Jeter.

Jamaa alizaliwa Alabama mwaka 1914, akaja kuchimba makaa ya mawe West Virginia. Kundi lake alilianzisha 1938 huko huko mgodini. Wiki nzima wako chini ya ardhi, wikiendi wanaimba makanisani. Baadaye wakapata kipindi redioni kule Knoxville, Tennessee, kikidhaminiwa na kampuni ya mikate iliyoitwa Swan, na jina la mdhamini likawaganda moja kwa moja. Yaani kundi kubwa hivi la gospo linaitwa jina la mkate! Udhamini haujaanza leo, wadau.

Wakati ule waimbaji wengi wa makundi haya walishindana kwa kelele: nani atanguruma zaidi, nani atawaangusha watu kanisani. Julius Cheeks wa Sensational Nightingales alikuwa mfalme wa mtindo huo. Jeter yeye alipita njia nyingine kabisa. Alipanda juu kwa ile sauti nyembamba, falseto, polepole, bila jasho, kisha akashuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kunguruma aliwaachia wenzake, hasa Louis Johnson, na hapo ndipo utamu ulipo: mmoja anachana, mwingine anapaka mafuta. Ukimsikiliza Al Green akipanda juu, unamsikia Jeter humo ndani.

Kwa nini basi jina lake halisikiki? Sam Cooke aliimba gospo na Soul Stirrers, akahamia muziki wa kidunia, na 1957 "You Send Me" ikamfanya staa. Jeter alifuatwa na ofa za namna hiyo, akazikataa. Alikuwa amemuahidi mama yake kwamba ataimba nyimbo za Mungu tu. Lebo yao, Vee-Jay, ndiyo iliyotoa albamu ya kwanza ya Beatles kule Marekani, halafu ikafilisika 1966.

Kwenye ule wimbo mkubwa mtunzi anaandikwa Paul Simon peke yake. Kisheria hakuna tatizo, mstari mmoja si wimbo mzima, na melodia ni ya Simon kweli. Lakini piga picha: sentensi uliyoichomekea kwa raha zako studio inakuja kuimbwa na dunia nzima, na wewe hakuna anayekujua. Simon angalau hakumsahau. Mwaka 1973 alimuita studio, na ile sauti ya juu inayotokea kwenye "Take Me to the Mardi Gras" ni ya mzee Jeter, akiwa karibu na miaka 60.

Alifariki New York, Januari 2009, akiwa na miaka 94.

Itafute "Mary Don't You Weep" ya 1959, vaa hedifoni, usiirushe mbele. Sikiliza kwanza wale wa nyuma wanavyopiga sauti zao kama ngoma. Mstari wenyewe unapita haraka, ukizubaa umekukosa.